Jografia ya kazi gani?

SWALI: Mambo vp, dogo wangu yupo form two anasema jografia ni kukariri mito tu, eti nchi kubwa ndo yenye maisha mazuri basi imeisha. Nimjibuje?

JIBU: Poa kaka. Mwambie achukue Tanzania na Rwanda aziweke pamoja. Sisi tuna kama kilomita za mraba 945,000, wao 26,338 tu, yaani wanaingia kwetu mara 35 hivi. Sensa ya 2022 sisi milioni 61.7, wao milioni 13.2. Sasa agawe watu kwa eneo, ndo utamu unapoanzia: Rwanda kila kilomita ya mraba ina watu kama 500, kwetu 65 tu, ndo maana kule vilima vinalimwa kwa matuta mpaka juu kabisa. Halafu hawana bahari, kontena likishuka bandari ya Dar linapanda lori zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Rusumo, pale mpakani na Rwanda, ndo livuke, na hiyo nauli yote anailipa mnunuzi wa Kigali. Hayo ya maisha mazuri aangalie pato la kila mtu na umri wa kuishi, asiangalie ukubwa wa ramani. Na mito akariri tu, mtihani haumsubiri 😂