Kuhamisha picha na nyaraka kati ya simu na kompyuta bila kula bando

Mkuu, umeuliza programu ya kuhamishia picha na nyaraka kila siku kutoka simu ya Android kwenda kompyuta ya Windows, kwa kuwa ukijitumia kwa WhatsApp bando linakwisha na picha zinapungua ubora. Chukua mbili, LocalSend na Syncthing. Zote ni za bure na hazina matangazo.

LocalSend ni ya kutuma mara moja moja. Isakinishe pande zote mbili, vifaa viwe kwenye Wi-Fi moja, chagua faili, gusa jina la kifaa kingine. Kama huna ruta, washa hotspoti ya simu huku data umeizima. Hilo la kuzima data usilipuuze: Windows ikipata hotspoti huweza kuanza kushusha masasisho, na bando lote likaondoka.

Vifaa visipoonana, kwa kawaida ni Windows imeuweka mtandao huo kuwa Public (mtandao wa umma), hivyo inazuia miunganisho inayoingia. Ubadilishe uwe Private (mtandao binafsi) kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows. Zima VPN pia. Bado ikigoma, ruta yenyewe huenda inatenganisha vifaa, na Wi-Fi za wageni hotelini na maofisini hufanya hivyo sana. Hapo rudi kwenye hotspoti.

Syncthing ni ya folda ambayo unataka ijihamishe yenyewe. Programu rasmi ya Android iliachwa kuendelezwa Desemba 2024, kwa hiyo kwenye simu weka Syncthing-Fork kutoka F-Droid, duka la programu huria za Android. Kwenye kompyuta sakinisha Syncthing na uiwashe, fungua ukurasa wake wa 127.0.0.1:8384 katika kivinjari, onyesha msimbo wa QR wa kifaa, uskani kwa simu, kisha kwenye simu shiriki folda ya picha za kamera, DCIM/Camera. Upande wa simu chagua Send Only (kutuma tu), ili lolote litakalofutwa kwenye kompyuta lisiguse simu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapopoteza picha. Syncthing hufanya folda mbili zifanane, haikuwekei nakala ya akiba. Ukifuta picha kwenye simu ili upate nafasi, na kompyuta nayo inaifuta! Kinga yake iko kwenye mipangilio ya folda upande wa kompyuta: washa File Versioning (kutunza matoleo ya zamani ya faili), aina ya Trash Can. Picha iliyofutwa kutoka simu itahamia folda ya .stversions badala ya kupotea. Ukiweka siku za kusafisha kuwa 0, itabaki humo mpaka uitoe mwenyewe.

Kwenye simu, ruhusu Syncthing ifanye kazi kwa Wi-Fi tu, na uiondoe kwenye programu zinazobanwa kuokoa betri, la sivyo itazimwa kimyakimya skrini ikilala.

Kabla ya kuiamini, piga picha isiyo na maana, subiri ifike kwenye kompyuta, ifute kwenye simu, halafu fungua .stversions. Usipoikuta humo, usifute picha nyingine yoyote.