Barua kwa mwanangu: kijana asiyeonyesha njia

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Una kijana wa kidato cha pili ambaye kila swali la hisabati anaandika jibu tupu, na jibu ni sahihi, ila njia haonyeshi. Wenzako ofisini wanasema anaibia, wewe huamini. Unaniuliza umpe alama au umnyime.

Enzi zangu nilikuwa nanyima. Mtoto mmoja nilimkata alama muhula mzima mpaka akaacha kunyoosha mkono, na nikimkumbuka bado roho inaniuma. Ndiyo maana nataka nikusimulie habari za Ramanujan, mwanahisabati wa India.

Alizaliwa Erode, kusini mwa India, mwaka 1887, akakulia Kumbakonam, mji wa mahekalu. Baba yake alikuwa karani wa duka la nguo. Akiwa na miaka kama 16 alipata kuazima kitabu chenye maelfu ya kanuni zilizofuatana, nyingi hazina uthibitisho wowote wa maana. Akaona hisabati ndivyo inavyoandikwa. Chuoni alifeli, tena zaidi ya mara moja, kwa kuwa masomo mengine hakuyagusa. Na karatasi ilikuwa ghali. Alipiga hesabu kwa chaki kwenye kibao, akafuta kwa kiwiko, akaandika kwenye daftari tokeo peke yake. Njia ilikuwepo, mwanangu. Iliondoka na kiwiko.

Januari 1913, akiwa karani katika ofisi ya bandari ya Madras kwa rupia 30 kwa mwezi, alimwandikia G. H. Hardy, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, barua iliyojaa kanuni. Hardy alizipitia pamoja na mwenzake Littlewood. Nyingine walikuwa wanazijua. Nyingine hawakuwahi kuona mfano wake. Baadaye Hardy alieleza kwamba kanuni zile zilikuwa lazima ziwe za kweli, kwa kuwa hakuna mtu ambaye angeweza kuzizua kichwani. Lakini hakuishia kusifu, aliomba uthibitisho. Na alikuwa na haki, maana Ramanujan alidai amepata kanuni ya kuhesabu namba tasa, na kanuni ile ilikuwa na kosa. Kichwa kilekile kilichoona mengi ya ajabu kilikosea hapo, na bila hatua zilizoandikwa hakuwa na pa kuligundua kosa lake.

Mwaka 1914 alivuka bahari kwenda Cambridge. Kazi ya Hardy ilikuwa ngumu kuliko yako: amfundishe kuthibitisha bila kukizima kile kipaji. Mwaka 1918 Ramanujan akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa cha Uingereza, na tayari alikuwa mgonjwa. Alirudi kwao 1919, akafariki tarehe 26 Aprili 1920, ana miaka 32. Kuthibitisha yaliyomo kwenye daftari zake kulimpa mwanahisabati Bruce Berndt kazi ya vitabu vitano, vilivyotoka kati ya 1985 na 1998.

Usikubali mtu akuambie kwamba Mhindi anaoteshwa majibu na Mzungu ndiye anayethibitisha. Ni kweli Ramanujan alisema mungu wao wa kike, Namagiri, humletea kanuni ndotoni. Lakini katika karne ya 16, huko Kerala, kusini mwa India, mwanahisabati Jyeshthadeva aliandika kitabu cha Yuktibhasha kwa Kimalayalam, lugha ya watu wa kwao, akieleza kwa sababu na hatua matokeo ya Madhava aliyemtangulia, ukiwemo mfululizo wa kutafutia pai. Na wanafalsafa wa Nyaya, shule ya kale ya mantiki ya India, walikuwa na nidhamu ya hoja kabla ya hapo kwa karne nyingi. Sisi tunasema pafukapo moshi pana moto, tumemaliza. Wao walidai hatua tano. Mlimani kuna moto. Kwa sababu kuna moshi. Kila penye moshi pana moto, kama jikoni. Mlima huu nao unafuka hivyo. Basi mlimani kuna moto. Hatua ninayoipenda ni ile ya jikoni: lazima utaje mahali ambapo msikilizaji amekwisha kuona kwa macho yake.

Kwa hiyo alama za jibu mpe. Kisha muite baada ya kipindi, akusimulie kwa mdomo, wewe ndiye uandike anayosema. Akikwama, muulize jiko lake liko wapi.

Mpe na swali hili, ambalo Ramanujan alilishughulikia. Namba 4 inaweza kugawanywa kuwa jumla kwa njia 5: 4, 3+1, 2+2, 2+1+1, 1+1+1+1. Ahesabu njia za 9, halafu za 14. Akifanya vizuri atapata 30 na 135, na ataona zote zinagawanyika kwa 5. Hapo usimwambie neno. Subiri mpaka aulize mwenyewe ni kwa nini.

Hiyo 14 itamla karatasi nyingi. Kesho asubuhi natuma rimu mbili kwa basi. Mkabidhi zote, na umwambie kwamba mama yako mwalimu anaomba asifute kitu.

Mama yako