Mtoto kakariri kanuni ya mzingo lakini hajui mzingo ni nini: nilivyofanya mimi

Dada mleta mada, umesema mwanao wa miaka minane anaitaja kanuni ya mzingo wa mstatili (yaani urefu wa kuuzunguka ukingo wake wote) bila kusita, ila ukimpa pembetatu anakutazama tu, na siku nyingine anazidisha urefu kwa upana halafu anakuambia huo ndio mzingo. Nimefundisha hesabu madarasa ya chini kwa miaka 11 na mtoto wa namna hiyo nimekutana naye kila mwaka. Ushauri wangu: ifiche hiyo kanuni wiki mbili hivi, wala usiitaje.

Shida ni kwamba neno "mzingo" alilisikia siku ileile alipopewa kanuni, kwa hiyo kwake mzingo ni ile kanuni. Umbo lisilo na "urefu" na "upana" linamwacha hana pa kushika. Na hapa Kiswahili kimetubeba tusijue: mzingo ni ndugu wa kuzingira, na wa mazingira pia, yaani vile vitu vilivyotuzunguka. Mimi huanza na neno hilo. Namwambia mtoto, "Lizingire hili daftari kwa kidole." Kidole kinaanzia kona moja, kinapita ukingoni, kinarudi palepale kilipotoka. Kikiishia njiani bado hajazingira.

Baada ya kidole ni miguu. Chora kwa chaki umbo kubwa sakafuni, acha kiatu kwenye kona moja kiwe alama, kisha atembee juu ya mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa mbele, akihesabu nyayo mpaka afike tena kwenye kiatu. Leo mstatili, kesho pembetatu, kesho kutwa umbo la ovyo lenye kona saba ulilochora ukicheka. Hutamsikia akiuliza kanuni ya umbo hilo ni ipi, kwa sababu anajua kazi yake ni kutembea na kuhesabu. Kisha tembea wewe. Yeye alipata nyayo 30, wewe umepata 22, na mstari ni uleule. Atakuuliza mwenyewe nani yuko sahihi, na hapo sentimita zinaingia kwa sababu zimehitajika.

Kwa vitu vidogo tumia uzi: uzungushe ukingoni mwa jalada la kitabu, kata, unyooshe juu ya rula. Usitumie uzi wa kufumia. Mimi niliutumia mwaka wa kwanza, makundi mawili yakapima kitabu kilekile yakapishana sentimita tatu, nikawalaumu watoto kumbe uzi unavutika. Angalia na rula yenyewe. Nyingi zina nafasi kidogo kabla ya sifuri, na watoto hupenda kuanzia kwenye ncha ya rula au kwenye 1.

Sasa nikusimulie kosa moja lililonifunza zaidi ya mengine yote. Niliwapa mstatili uliochorwa kwenye daftari la miraba, urefu miraba 5, upana miraba 4. Mzingo ni 18. Kijana mmoja akaandika 14. Nikampa mwingine, 6 kwa 3, ambao nao ni 18, akaandika tena 14. Nikadhani hajui kujumlisha, nikampa zoezi la kujumlisha, akapata yote. Ndipo nikamwambia, "Nionyeshe unavyohesabu." Akaanza kugusa miraba ya ndani iliyopakana na mstari, mmoja mmoja: moja, mbili, tatu. Alikuwa anahesabu miraba, mimi nikitaka ahesabu kingo. Mraba wa kona una kingo mbili zilizo nje, yeye aliuhesabu mara moja. Kona ni nne, ndiyo maana kila mara alipungukiwa nne kamili. Yaani kijana alikuwa na utaratibu wake na aliufuata bila kuteleza, mimi ndiye niliyekuwa nakisia. Dawa yake ilikuwa penseli ya rangi: kila kipande cha mstari unachokihesabu, kipake rangi kwanza. Ndani ya umbo rangi haina ruhusa kuingia.

Tangu siku hiyo sisahihishi jibu la mzingo kabla sijaona kidole cha mtoto kinapita wapi.

Kosa jingine la kila siku ni mstatili ulioandikwa 8 upande mmoja na 3 upande mwingine, mtoto anajibu 11. Amejumlisha alichokiona. Vitabu vinapenda kuacha pande mbili tupu, na mtu mzima hushangaa mtoto haoni kuwa pande zinazokabiliana zinalingana. Mwache aandike namba kwenye kila upande kabla ya kujumlisha, na kila upande anaoujumlisha auwekee alama ya vema ili asiurudie.

Akizoea hilo, mpe umbo la herufi L, maana hapo ndipo hesabu inapoanza kunoga. Chukua karatasi ya sentimita 8 kwa 5. Mzingo ni 26. Kata kwenye kona kipande cha 3 kwa 2, kisha muulize mzingo umekuwaje. Karibu wote watasema umepungua, tena kwa uhakika, si karatasi imepungua? Hesabuni pamoja: 8, 3, 3, 2, 5, 5. Ni 26 vilevile. Kingo mbili zilizoondoka zimeacha mbili zenye urefu uleule. Chukua karatasi nyingine ya 8 kwa 5, safari hii usiguse kona, kata mraba wa 2 kwa 2 katikati ya upande mmoja. Mzingo sasa ni 30. Karatasi imepungua, mzingo umeongezeka. Mtoto aliyeliona hilo kwa mkasi wake mwenyewe hachanganyi tena mzingo na eneo kwa urahisi, na nadhani kwa mwanao hili ndilo litakalomsaidia kuliko mengine.

Ukitaka kukazia, funga kitanzi cha uzi cha sentimita 24, mkishike wawili kwa vidole vinne, mtengeneze mistatili. 11 kwa 1 unabeba miraba 11 tu ndani, 6 kwa 6 unabeba 36, na uzi ni uleule. Au kata miraba mitano ya karatasi, uiunganishe upande kwa upande kwa kila namna. Ukihesabu maumbo yanayofanana baada ya kuzungushwa au kupinduliwa kuwa moja, yako 12. Kumi na moja yana mzingo wa 12. Moja tu lina 10. Usimwambie ni lipi.

Kanuni itakuja yenyewe. Atachoka kuandika 8 jumlisha 3 jumlisha 8 jumlisha 3, atasema "mbona zinajirudia?", na wewe utasema "kwa hiyo tufanyeje?" Wengine husema jumlisha urefu na upana kisha zidisha kwa 2, wengine huzidisha kwanza kila mmoja. Zote sawa, mwache na yake. Duara lizungushieni uzi tu, kisha mpime uzi huo kwa kipenyo, aone kipenyo kinaingia mara tatu na kipande kidogo cha uzi kinabaki. Kwa umri wake hilo linatosha.

Umeuliza pia utajuaje kama ameelewa. Usimpe mstatili. Mwambie achore kwenye miraba maumbo matatu tofauti yenye mzingo wa 16. Binti yangu alichora mraba wa 4 kwa 4, mstatili wa 7 kwa 1, halafu ngazi: nguzo ya mraba mmoja, ya miwili, ya mitatu, ya minne, zimebanana. Nikamwambia hiyo ngazi imezidi, ina vidato vingi. Akanishika kidole changu, tukaanza kwenye kona ya chini. Tulirudi pale konani hesabu ikiwa 16.