Wasomaji Wanauliza: Kutoka Makete kwenda kwenye theluji

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu hapa Makete, nina umri wa miaka 34. Dada yangu aliyeolewa Innsbruck, Austria, amenialika nimtembelee mwezi Februari, na shemeji ameshapanga kunipeleka mlimani siku 3 nikajifunze kuteleza kwa skii, vile vibao virefu vinavyofungwa miguuni. Theluji nimeiona kwenye televisheni tu, ingawa jalidi ya Juni na Julai naijua, kwa kuwa huamka nikakuta nyasi nyeupe. Nijiandaeje ili nisirudi nyumbani na magongo?
Mwalimu, Makete

JIBU: Marahaba, mwalimu. Baridi yenyewe isikutishe sana, wala kimo cha mji unaokwenda, kwa sababu Innsbruck iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, ilhali Mbeya mjini ni takribani mita 1,700 na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Kinachomponza mgeni kutoka kwetu ni jasho. Sisi tukisikia baridi tunavaa sweta juu ya sweta na kusogea karibu na jiko la mkaa, lakini mlimani utahangaika dakika kumi ukianguka na kuinuka hadi utoke jasho, kisha utakaa kwenye lifti ya viti, vile vinavyoning’inia kwenye waya kukupandisha mlimani, ukipigwa na upepo, na fulana ya pamba iliyolowa itakugandia mgongoni. Fulana za pamba na suruali ya jinzi ziache Makete. Vaa ndani fulana ya sufu au ya nyuzi za viwandani, juu yake sweta jepesi, na nje koti na suruali visivyopitisha maji, ili uweze kupunguza nguo moja kabla jasho halijaanza.

Skii na viatu usinunue, kodi hukohuko. Kiatu cha skii ni kigumu kama gome, na mgeni hukosea kwa kuchagua kikubwa ili apate nafasi. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti, virudi nyuma, na kisigino kisiinuke. Vaa soksi jozi moja tu, maana ya pili hubana damu na miguu hupoa zaidi. Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na uzoefu wako, kisha atarekebisha kibanio kinachoshika kiatu kwenye skii ili kikiachie unapoanguka. Mjibu kweli, hata kama shemeji anasikiliza. Anayejisifu kuwa mzoefu hufungiwa kibanio kigumu kisichoachia kwa wakati, na goti ndilo linalolipa.

Mazoezi uanze sasa. Vilima vya Makete vinatosha, ila utilie mkazo kushuka kuliko kupanda, kwa kuwa misuli ya mapaja ndiyo itakayokubeba, na wengi huumia jioni wakiwa wamechoka huku wakisema “mara moja ya mwisho”.

Shemeji mshukuru, lakini asiwe mwalimu wako. Lipia masomo kwa mkufunzi. Somo la kwanza ni kusimama: ncha za mbele za skii zinakaribiana bila kupandana, visigino vinasukumwa nje, na mwendo unapungua. Usipande lifti ya juu kabla hujaweza kusimama unapotaka. Austria njia rahisi zina alama ya buluu, za kati nyekundu, na nyeusi ni za mabingwa. Aliye mbele yako kwenye mteremko ana haki ya njia, hivyo wewe wa nyuma ndiwe wa kumkwepa. Usitoke nje ya njia zilizowekewa alama, kwani huko kuna hatari ya maporomoko ya theluji.

Miwani ya theluji na losheni ya jua usivione anasa. Theluji safi hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, na weusi wa ngozi yetu hauyakingi macho. Kileo nacho kisubiri jioni: ulanzi hukufanya uhisi joto, kumbe damu imekimbilia kwenye ngozi na mwili unapoteza joto lake.

Viza ya Schengen, yaani ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, Austria ikiwemo, hudai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Soma masharti uone kama inahusisha skii na uokoaji kwa helikopta, kwa maana bima inaweza kutimiza sharti la viza na bado ikaviacha nje. Namba ya waokoaji wa milimani Austria ni 140, na ya dharura Ulaya nzima ni 112.

SWALI: Nimeona helmeti ya skii na koti la theluji kwenye mitumba Mwanjelwa, bei ya kutupa. Ninunue?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Helmeti iache. Povu la ndani hukandamizwa na pigo moja zito na halirudi kama awali, na kwa nje huenda usione hata mkwaruzo. Koti nunua, lakini kwanza mwombe muuzaji umwagie maji kidogo kwenye mkono wa koti. Maji yakikimbia kama kwenye jani la myugwa, lichukue. Yakinywewa, litakufaa kwa asubuhi za Julai pale Uyole.