Kwa nini madarasa hayatoshi Nyamagana na Ilemela

Ndugu, umeuliza kwa nini shule zetu za msingi hapa Mwanza zinaendelea kufurika ilhali kila mwaka tunaona madarasa mapya. Michango ya lazima ya wazazi ilipofutwa mwaka 2016 chini ya mpango wa elimu bila malipo, watoto waliokuwa nyumbani waliingia shuleni kwa wingi, jambo jema kabisa, lakini majengo hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka ni ya kuendesha shule. Haiwezi kujenga darasa, sembuse vyoo, ambavyo mimi naviona ndiyo haja ya kwanza, hasa kwa wasichana. Tena katika vilima vyetu vya mawe, kupata kiwanja na kuchimba msingi ni gharama kubwa. Ulizeni kwenye mkutano wa mtaa bajeti ya halmashauri imetenga kiasi gani kwa shule yenu.