Ubao mmoja hautoshi

SWALI: Mimi ni mchonga vinyago hapa Mtwara. Nimeona picha za Kijapani zilizochapwa kwa ubao. Ubao mmoja unatoaje rangi zote zile? Na pesa alipata nani?

JIBU: Fundi mwenzangu, swali lako limenifurahisha sana. Kila rangi ina ubao wake, na Wajapani hupenda mti wa cheri, mgumu na wenye nyuzi zilizotulia. Mchoro hugandishwa kifudifudi juu ya ubao, kisha mchongaji huondoa mti pembeni mpaka mstari ubaki umesimama kama mshipa wa mkono. Sisi tunatafuta umbo ndani ya gogo. Wao wanalinda uzi usikatike.

Kazi ngumu ni karatasi. Huchapwa ikiwa na unyevu, na kila ubao una alama mbili za kuchongwa, ziitwazo kento, ili karatasi ikae palepale. Nilijaribu rangi mbili tu hapa Mikindani. Upepo wa bahari ukanikaushia karatasi, zikasinyaa, bluu ikatoka nje ya mstari kwa upana wa punje ya mchele. Zote kumi ziliharibika, niliumia kweli. Siku hizi nazifunika kwa kitambaa kibichi.

Pesa? Enzi za Edo, yaani Japani ya kati ya 1603 na 1868, mchapishaji ndiye aliyewalipa mchoraji, mchongaji na mpiga chapa, na mbao kwa kawaida zilibaki kwake. Picha ikiuzika, anachapa tena. Majina ya wachongaji mara nyingi hayamo kwenye picha, jambo linalonisikitisha. Ukichonga zako, usimwachie dalali mbao.