Vumbi la galaksi: bila darubini Dar, inawezekana?

SWALI: Ndugu Mhariri, nipo kidato cha tano, mchepuo wa PCM. Nataka kuwa mwanaastronomia, nichunguze galaksi na vumbi lililomo. Baba anasema nchi haina darubini kubwa, kwa hiyo nitapoteza muda. Ni kweli? – Msomaji, Temeke

JIBU: Mdogo wetu, mweleze mzee kwamba darubini za kazi hii zisingefaa Dar hata tukipewa bure. Vumbi hilo ni punje za silikati na kaboni, nyingi zikiwa ndogo kuliko maikromita 1 (sehemu moja ya milioni ya mita). Hufyonza mwanga wa nyota, na zikiwa na ubaridi wa nyuzi 250 hivi chini ya sifuri huurudisha kama infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, inayong'aa zaidi kwenye urefu wa wimbi wa maikromita 150 hivi. Mvuke wa maji hewani huizuia, na pwani yetu mvuke umejaa. Ndiyo maana darubini ya Herschel ilifanya kazi angani (2009–2013), na antena za ALMA, darubini ya mawimbi ya redio, zimewekwa Atacama, Chile, kwenye mita 5,000. Picha za Herschel zinapakuliwa bure.

Kazi ya kila siku, basi, ni kompyuta. Unachukua galaksi moja, mathalani M51, katika picha za mawimbi mbalimbali. Unaondoa mwanga wa anga ya nyuma, kisha unafifisha picha zote zilingane na ile yenye ukungu zaidi: ya maikromita 70 hutenganisha vitu hadi sekunde-tao 6 hivi (sekunde-tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja ya pembe), ya 500 hadi 36 tu. Wengi wanaoanza huruka hatua hii, wakapata rangi za uongo ukingoni mwa mikono ya galaksi. Halafu unapima mwanga, unachora mkunjo wa mwanga dhidi ya urefu wa wimbi, unatafuta jotoridi na uzito wa vumbi. Ukikosa vipimo vya mawimbi marefu, vumbi baridi halionekani, na uzito unatoka mdogo mno.

Mtego mwingine ni galaksi nyekundu. Imezeeka, au imefunikwa na vumbi? Tazama mistari miwili ya hidrojeni, yaani mwanga ambao gesi hiyo hutoa kwenye mawimbi maalumu: nanomita 656 (mwekundu) na 486 (wa bluu). Pasipo vumbi, wa kwanza huwa na nguvu mara 2.86 ya wa pili. Ukikuta mara 4, vumbi limekula sehemu kubwa zaidi ya mwanga wa bluu. Kipimo hiki kinahitaji gesi iliyochochewa na nyota changa. Galaksi iliyoacha kuzaa nyota haina mistari ya kutosha.

Njia: fizikia na hisabati zisishuke, kisha shahada ya fizikia, mfano pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uzamili, angalia NASSP, mpango wa masomo ya astrofizikia wa Afrika Kusini. Uzamivu hufuata, na hapo mzee ana hoja ya kweli: baada yake kazi nyingi ni mikataba ya miaka miwili au mitatu, tena ya kuhamahama nchi. Kwa hiyo jifunze takwimu na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, vizuri kabisa, maana benki na kampuni za simu nazo huajiri watu wenye ujuzi huo. Likizo hii anza na Astropy, maktaba ya Python ya kazi za astronomia.